Namna ya Kutoka Barabarani

Katika mbio zangu za kwanza za barabarani nilimfuata mtu aliyekuwa mbele yangu mpaka akatoka barabarani, nami nikatoka naye. Hilo ndilo kosa langu la kwanza kazini. Nalitaja mapema kwa sababu ninyi wa kikundi cha Nchiru mmelisikia kwa midomo ya watu wengine, na kila mmoja analiongezea chumvi. Wengine husema nilimfuata hadi chooni. Si kweli. Nilimfuata hadi nyuma ya kibanda cha chai cha Mama Makena.

Mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kuweka kasi, kwa kuwa sasa nimestaafu. Mwanzo huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Mnanijua. Watu wengine hustaafu na mvi. Mimi mvi sina, nina kisigino. Vyeo sitavitaja kwa kuwa kazi yetu haina vyeo, na kuhusu malipo muulizeni mama yangu, ambaye mpaka leo anataka kujua kama ile ilikuwa kazi.

Nilikulia upande wa Siakago, kwenye joto, mtama na ndengu. Nilijifundisha kukimbia peke yangu. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, leo ushauri wa wakimbiaji wa masafa mafupi, kesho ushauri wa wazee wenye shinikizo la damu, na yote niliyafuata kwa bidii ileile. Nilipima barabara ya kuelekea Ishiara kwa pikipiki ya binamu yangu, nikapaka mawe chokaa kila baada ya kilomita. Nikikosea mwendo kati ya jiwe na jiwe, nilikuwa narudi nyumbani kuanza upya. Siku moja mwanamume aliyekuwa akipeleka mbuzi sokoni alinisimamisha akaniuliza kwa upole kama barabara inapanuliwa, na kama shamba lake litachukuliwa. Nilimwambia mimi nafanya mazoezi tu. Hakuniamini.

Jambo moja tu sikuwa nimelifanya: kukimbia na binadamu mwingine. Mbio za watu nilikuwa nimeziona kwenye televisheni ya hoteli moja pale Siakago, na kwa kawaida nilifika zikiwa zinaisha, mtu amenyanyua mikono. Kwa hiyo nilijua namna ya kushinda. Sikujua kwamba kuna watu wanaolipwa ili waongoze halafu wasimalize.

Mbio zenyewe mnazijua. Mnaanzia Meru mjini, mnateremka hadi Nchiru, mnageuka, mnapanda kurudi. Mtu aliyechora njia ile hakuwapenda watu. Mwaka ule walikuja wakimbiaji wakubwa kutoka Bonde la Ufa, wenye viatu ambavyo nilikuwa nimeviona kwenye picha tu. Nilisimama nyuma yao nikinuka mafuta ya kuchua ya mama yangu. Tukaondoka. Mteremko haumwulizi mtu cheti, na mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri kuliko nilivyojua, basi tukageuka Nchiru nikiwa bado mkiani mwa kundi la mbele. Mbele kabisa alikuwepo mwanamume mmoja mrefu mwenye fulana ya mistari. Hakuongeza, hakupunguza. Nikajiambia, huyu ndiye anayeshinda, huyu ndiye wa kumfuata. Nikasogea hadi mgongoni kwake, na kuanzia hapo sikuona kitu kingine duniani isipokuwa ile mistari.

Mlima ulipoanza kukaza, karibu na kibanda cha Mama Makena, mistari ikakata kushoto. Nikakata kushoto. Wengine wote walinyoosha. Nakumbuka nilichofikiri: wamepotea njia.

Alisimama nyuma ya kibanda, akainama kufungua viatu. Aliponiona nimesimama kando yake nikihema, akaangalia nyuma yangu kuona kama kuna wengine wanakuja.

“Wewe nawe umelipwa na nani?” akauliza.

“Kulipwa nini?”

“Sasa mbona umesimama?”

“Si hapa ndiyo kona?”

Mama Makena alikuwa ameshika sufuria ya chai. Aliiweka chini kwanza, taratibu, ndipo akacheka.

“Kijana,” yule mtu akasema, “mimi ni mweka kasi. Kazi yangu imeisha. Wewe yako iko kule juu. Rudi barabarani!”

“Wameenda.”

“Basi wafuate!”

“Wameona nikitoka.”

“Haki ya Mungu,” akasema, akaketi kwenye kreti ya soda. “Mama Makena, mpe huyu chai. Amekuja kunitembelea.”

Nilikunywa ile chai. Miguu ilikuwa na nguvu, na mtu mwenye akili angerudi barabarani. Lakini tangu utotoni mimi jambo likiharibika kidogo nataka kulitupa lote. Mbio zile sikuzimaliza, na kwa miaka mingi iliyofuata sikuzimaliza tena, ingawa nilizikimbia karibu kila mwaka.

Yule mtu alikuwa Mugambi. Nyinyi mmemkuta akiwa kocha na kitambi chake kidogo, lakini wakati ule alikuwa mweka kasi aliyetafutwa kuliko wote upande huu. Kabla sijaondoka aliniuliza kwa nini nilimfuata yeye, si wale mashuhuri.

“Ulikuwa unaenda sawasawa,” nikamwambia. “Hata mlimani pumzi yako haikubadilika.”

Akanitazama tena, safari hii bila kucheka. “Hiyo wengi hawaoni. Njoo Nchiru tufanye kazi. Lakini hiyo saa yako kubwa hivyo, hiyo tutazungumza.”

Nikahamia Nchiru, chumba kimoja katikati ya vyumba vya wanafunzi wa chuo. Upande mmoja jirani alikariri masomo kwa sauti, upande mwingine mtu alipika chapati kila jioni na kuniharibia nidhamu. Asubuhi tulikimbia tukizitazama usoni pikapu za miraa, ambazo kama mnavyojua hazimpishi mtu, na ambazo zilinifundisha kuruka mtaro kabla sijafundishwa kitu kingine.

Kuhusu vifaa, sina mengi. Viatu vipya usivivae siku ya mbio, hata kama umevilalia kichwani wiki nzima kwa mapenzi. Pini za namba zikague mwenyewe. Paka mafuta ya mgando mahali unapoona aibu kupapaka. Mimi nilibeba pia uji wa mtama wa mama yangu kwenye chupa ya juisi, na wakimbiaji wakubwa walioucheka mwanzoni walikuwa wakiuomba baadaye. Halafu kulikuwa na saa. Nilikuwa nazo mbili, moja kila mkono, ili moja ikikosea nyingine iisahihishe. Mara nyingi zilitofautiana kidogo, na hapo nilikuwa sijui niiamini ipi, nikakosa usingizi.

Mugambi alinifundisha kuweka kasi kwa sikio. “Usigeuke nyuma,” alisema. “Ukigeuka wanaona uso wako, na uso wako, Ireri, unatisha watu. Sikiliza.” Alinitanguliza mbele ya kundi na kuniuliza nani yuko nyuma, nani anaumia. Nilijifunza kumtambua mtu kwa namna anavyokanyaga. Nilijua kwamba anayetema mate mara kwa mara bado ana nguvu, na kwamba anayenyamaza ghafla, baada ya kupiga hadithi njia nzima, amebakiwa na kidogo. Nilipenda mafunzo hayo kama mtu anavyopenda darasa, nikapata alama zote mazoezini, na siku ya mbio nikatazama saa.

Hapo ndipo anaingia Kanana. Alikuwa wa kwetu pale kikundini, mwenyeji wa Meru, na kabla sijafika alikuwa ameshashinda mbio kubwa. Halafu alijifungua, akakaa nje muda mrefu, na aliporudi watu walianza kumwita Mama Mwenda kwa heshima ile inayomaanisha kwamba mbio zako zimeisha. Alichukia. Aliitikia jina hilo kanisani tu.

Katika mbio zake za kwanza baada ya kurudi, zile zile za Meru, nilipewa kuongoza kundi la wanawake. Niliweka kasi kamili. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kilomita, nikaifuata hesabu hiyo kwenye mteremko, nikaifuata kwenye kona, nikaifuata mlimani upepo ukitupiga usoni. Nilifika kwenye kibanda cha Mama Makena kwa wakati niliopanga, saa zote mbili zikikubaliana kwa mara ya kwanza maishani mwao. Nikatoka barabarani nimejaa furaha. Ndipo nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa tupu hadi chini kwenye kona.

Mama Makena akatoka mlangoni na kikombe. “Leo umekuja peke yako?” akauliza.

Walipita baadaye mmoja mmoja, wamevunjika. Kanana alipita anatembea. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nilimwambia Mugambi naacha. Nilikuwa nimekunja godoro, nimefunga mizigo. Akaja chumbani, akaketi juu ya mizigo ili nisiweze kuibeba.

“Ulikuwa unaongoza watu ama unaongoza saa?”

Nikavuta kamba ya mzigo aliokuwa ameukalia.

“Mimi nilikuuliza swali.”

“Saa.”

“Sawa. Sasa fungua hii mizigo, kitu kinanichoma. Umepakia jiko?”

Msimu uliofuata wakala mmoja wa nje alitangaza kwamba angekuja Meru kutafuta wanawake wawili wa kuwapeleka kukimbia ng'ambo. Wawili wa kwanza, basi. Kwa Kanana hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na hakuificha. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba baada ya mbio hizi watazungumza habari ya duka, na kila mtu alijua mazungumzo hayo yangeishia wapi. Waandalizi walimruhusu kila mkimbiaji wa juu kuchagua mweka kasi wake. Akanichagua mimi.

Nilimfuata hadi kwenye bomba la maji alikokuwa akifua.

“Kanana, chukua mtu mwingine. Mimi nilikuharibia.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo wewe unajua kosa lako. Hao wengine bado hawajui yao, na mimi sitaki wakajulie kwangu.” Akakamua nguo moja kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. “Saa utaacha nyumbani.”

“Zote?”

“Ireri!”

Asubuhi ya mbio nilimpa Mugambi saa zote mbili. Alizivaa zote, mkono mmoja, akatembea nazo kama tajiri. Mimi mikono yangu ilikuwa myepesi hadi nikahisi kama nimesahau kuvaa nguo. Lakini kitu kimoja nilikuwa nimekipanga, na hicho hakikuhitaji saa. Kila mweka kasi niliyemwona, Mugambi mwenyewe akiwemo, alikuwa akifika mwisho wa kazi yake anakata pembeni akiwa bado mbele. Ni desturi, na hakuna aliyewahi kuiuliza. Mimi nilijua kinachompata mtu aliyechoka anayetazama mgongo. Huo mgongo ndio barabara yake. Nilikuwa nimeamua kwamba Kanana hataniona nikitoka. Ningempisha kwanza, nimwachie barabara mbele ya macho yake, halafu ndipo nitoke.

Tulipoteremka, wanawake wawili kutoka Bonde la Ufa waliuteremka mlima kama maji. Nikazuia mwendo. Nilisikia miguu ya Kanana ikinikaribia kisigino.

“Ireri, umelala?”

“Bado.”

“Wanaenda!”

“Waache waende.”

“Nikikosa hii, nitakuajiri kwa duka langu ubebe magunia!”

Alikuwa anaongea. Mtu anayeongea ana nguvu. Hilo ndilo lililokuwa saa yangu, na sikuwa na lingine. Ninyi mnaojua wasiwasi wangu fikirieni nilivyokuwa. Sikujua kama tunaenda vizuri au tumelala kweli. Kila nguzo ya stima niliyoipita niliiuliza, nayo haikujibu. Nilikuwa na uhakika kwamba ninamharibia mtu maisha kwa mara ya pili, safari hii polepole.

Tukageuka Nchiru. Wanafunzi walijipanga barabarani wakipiga sufuria, na wale wawili walikuwa mbali, fulana mbili ndogo juu ya mlima. Nikaanza kupanda, si kwa kasi bali kwa pumzi yake. Ikikaza nalegeza kidogo, ikitulia nasogea. Polepole zile fulana zikaanza kukua. Waliuteremka mlima kwa mapaja yao, na sasa mapaja yalikuwa yanadai. Yule wa pili tulimfikia alipokuwa akijishika ubavu. Kanana alipompita alimwambia, “Pole, dada,” na alimaanisha. Ndipo nikajua yuko sawa.

Sasa alikuwa wa pili, lakini yule tuliyempita alitung'ang'ania mgongoni, na kibanda cha Mama Makena kikaonekana. Hapo ndipo mkataba wangu ulipoisha. Nikasogea kulia, nikalegeza.

“Nipite,” nikasema.

Hakupita. Alilegeza pamoja nami.

“Kanana, nipite. Njia ni yako.”

“Nenda tu. Mimi niko nyuma.”

“Kazi yangu inaishia hapa!”

“Siwezi mbele. Aki siwezi. Nenda.”

Nikalegeza zaidi, naye akalegeza zaidi, na nyuma yetu nikasikia miguu ya yule dada ikikaribia. Mpango wangu mzuri ulikuwa unamla. Alikuwa amekaza macho yake kwenye mgongo wangu kama mimi nilivyoyakaza kwenye ile mistari, na hata ningeingia kisimani angekuja. Mugambi alikuwa kando ya kibanda akipunga ule mkono wa saa mbili, akipiga kelele ambazo sikuzisikia.

Sikupanga kilichofuata. Nilijibana pembeni mpaka nikakanyaga changarawe, na alipofika usawa wangu nikaingia nyuma yake. Nyuma kabisa, hatua moja. Nikakanyaga kwa nguvu ili anisikie.

“Unasikia miguu yangu?”

“Nasikia.”

“Bado naongoza. Niko hapa tu. Twende.”

Akaenda. Tukakipita kibanda. Nilikuwa sijawahi kukipita kile kibanda nikipanda siku ya mbio, na Mama Makena alibaki na kikombe mkononi. Kanana hakuwa na mgongo wa kutazama tena, alikuwa na barabara tu, na nilisikia pumzi yake ikitafuta mahali pa kukaa, kisha ikakaa. Miguu ya yule dada ikaanza kufifia. Nikaanza kukanyaga taratibu zaidi, na zaidi, kama mtu anayetoka chumbani mtoto amelala. Halafu nikasimama. Hakugeuka. Sidhani alijua.

Miguu yangu ilikuwa na nguvu za kufika mjini. Sitadanganya kwamba sikutamani. Lakini nikienda, atanisikia tena nyuma yake, na ataanza tena kunihitaji. Nikashuka kwa miguu hadi kwenye kibanda.

“Umechelewa,” Mama Makena akasema, akanipa chai iliyokwisha kupoa.

Habari tulizipata kwa simu ya Mugambi. Wa pili. Mugambi alipiga kelele hadi pikapu ya miraa ikapunguza mwendo, jambo ambalo sijaliona tena. Kanana alikwenda ng'ambo. Mara ya kwanza alinipigia simu akiwa huko, meno yakigongana kwa baridi, kunieleza kwamba waweka kasi wa kule wanakata pembeni bila kumpisha mtu. “Hawajafundishwa,” alisema. Duka alilifungua baadaye, kwa hela zake, na magunia hubebwa na mumewe.

Nilifanya kazi hii miaka kadhaa zaidi, mpaka kano ya kisigino ikakataa. Mbio nyingine nilizoziongoza zilienda vizuri au vibaya kama mbio zinavyoenda, na sitawachosha nazo. Ninyi mnaobaki, yale ya viatu na mafuta ya mgando mtayajua wenyewe. Lakini msikate pembeni mkiwa mbele ya mtu. Mpisheni kwanza. Akikataa kupita, nendeni nyuma yake, mkanyage kwa sauti mpaka asiwahitaji.

Mwaka huu daktari aliniruhusu kukimbia polepole, nikajiandikisha mbio za Meru kama raia wa kawaida, bila saa, pamoja na walimu, makarani na baba mmoja aliyevaa suti kwa sababu ya dau. Wakubwa waliondoka na sikuwaona tena. Tulipopanda kutoka Nchiru nilisikia pumzi za watu wote walionizunguka, na kwa mara ya kwanza hazikuwa kazi yangu. Kwenye kibanda Mama Makena aliinua kikombe, akauliza kama naingia. Nikamwambia nitarudi nikimaliza.

Nilimaliza nikiwa mmoja wa watu wa mwisho. Nikarudi, nikanywa chai.